Mwaka Tulipohamishia Kitanda kwa Uyoga

Asubuhi tuliyomzika Mama Anaeli, kabla jeneza halijatolewa sebuleni, Aminieli alinivuta pembeni ya turubai akanionyesha kichupa cha vidonge. Huyu Aminieli tulisoma naye masomo ya jioni pale Maji ya Chai tukiwa vijana. Leo anaishi Njiro, ndani ya ukuta mrefu kiasi kwamba jua linamfikia saa nne, na kichupa alikuwa ametumiwa na mwanawe aliyeko ng'ambo. "Profesa," akasema kwa sauti ya msibani, "soma hapa. Beta-glukani. Si ndiyo ile yako?" Nikavaa miwani. Ndiyo, ilikuwa ile yangu. Juu palikuwa na picha ya uyoga, chini yake maneno yanayoahidi kinga ya mwili, moyo imara, nguvu za ujana, karibu kila kitu isipokuwa kumwamsha yule aliyelala sebuleni. "Sasa nimeze au nisimeze?" Mimi ni mtu wa maneno mengi, nimewahi kuongea kutoka Arusha hadi Moshi bila kumeza mate, na waliokaa karibu yangu hawajapona mpaka leo. Lakini pale nilisimama na kichupa mkononi kama mtu aliyepewa mtoto wa mgeni amshike, nikamwambia, "Tuzike kwanza. Nitakujibu tukitoka kaburini."

Jina la Profesa nilipewa na Mama Anaeli mwenyewe, mwaka nilioishi kwake huko juu, mahali ambapo migomba inakaribia kukutana na msitu wa Meru. Nilikuwa binti aliyefeli kidato cha nne kwa kishindo, hesabu hasa, nadhani msahihishaji alilia. Nikatoka Olasiti kuja kuanza upya kwenye masomo ya jioni, na Mama akanipa chumba kwa makubaliano kwamba nitamsaidia mradi wake wa uyoga. Darasa letu lilikuwa la shule ya msingi, madawati ya watoto, magoti yetu yanafika masikioni. Mwalimu Kimaro alifundisha baiolojia kwa sauti ya mnadani. Siku aliyofundisha kuvu aliandika ubao mzima, akageuka, akanguruma: "Kuvu si mmea! Mmea umejenga ukuta wa seli zake kwa selulosi. Kuvu amejenga wake kwa kaitini na glukani. Na kaitini ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye gamba la panzi na senene!" Mzee mmoja wa nyuma, mwenye wajukuu, akanyoosha mkono. "Kwa hiyo, mwalimu, uyoga ni panzi?" "Si panzi, mzee wangu." "Ni mmea?" "Nimesema si mmea." "Basi tunakula nini?" "Tunakula kuvu, mzee. Kaa chini." Akakaa, lakini uso wake ulibaki umesimama, na mimi nilikuwa upande wake. Kisha mwalimu akaongeza jambo lililobadilisha mwaka wangu: kwamba glukani hiyo ya ukutani mwili wa binadamu unaitambua, na ukikutana nayo, askari wake wa kinga wanaamka. Nikarudi nyumbani na neno hilo kama mtu aliyeokota tanzanaiti Mererani. "Mama," nikapaza sauti tangu kwenye ua wa mimea ya sale, "unajua unafuga nini humo stoo? Unafuga walinzi!" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Haya, Profesa, ingia ule, walinzi wamo kwenye sufuria."

Hiyo stoo ilikuwa ya kahawa. Kahawa ilipoacha kuwalipa, ilibaki tupu, mbao nyeusi na harufu ya miaka mingi, na Mama, aliyehudhuria semina moja tu ya kina mama, akaijaza uyoga wa aina ya mamama. Tulikatakata majani makavu ya migomba na maganda ya maharage, tukayachemsha kwenye pipa, tukayashindilia kwenye mifuko ya nailoni pamoja na mbegu, tukaining'iniza gizani. Baada ya muda mifuko ikawa myeupe ndani, kisha uyoga ukatokeza matunduni kama masikio ya watu wanaosikiliza umbea. Na hapa niseme namna yetu ya kuvuna, maana mambo yote yalianzia hapo. Sokoni Maji ya Chai uyoga uliuzwa kwa fungu, na mnunuzi anachagua kwa macho. Fungu lenye uyoga mpana ndilo linaloondoka kwanza. Kwa hiyo sisi hatukuwa na haraka. Tuliuacha ufunguke, ukingo ugeuke juu, upanuke kama sahani. Mmoja, naapa, ungeweza kumkinga mchungaji na mvua pamoja na kanzu yake. Uyoga ukifikia hapo hutoa unga mweupe. Ulitanda juu ya mifuko, juu ya ndoo, kwenye utando wa buibui. Mama alipitisha kidole, akaulamba. "Neema," akasema. Hakuna aliyebisha. Unga mweupe nyumbani kwa mtu, nani atasema ni balaa?

Tulikula uyoga mwaka ule kuliko watu wote wa Afrika Mashariki wakijumlishwa. Mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi anaopewa mzazi na mgonjwa, Mama aliupika kwa uyoga badala ya nyama. Loshoro ya mahindi na mtindi ikasindikizwa na uyoga wa kukaanga. Baba Anaeli, mumewe, mtu wa maneno machache, siku moja alitafuna mbichi kwa kusikia kwamba kupika kunapunguza nguvu. Akakesha amejishika tumbo. Mwalimu Kimaro nilipomuuliza akasema ule ukuta ukiwa mbichi ni mgumu, tumbo letu haliuwezi, moto ndio unaoulegeza. "Kwa hiyo ukuta ni mzuri ila mgumu?" Akasema ndiyo. "Na ukilegea bado ni ukuta?" Akaangalia saa yake.

Katikati ya vyakula hivyo vyote kulikuwa na sauti ya Mama. Alikuwa mwanzishaji wa nyimbo katika kwaya ya usharika, na mwalimu wa kwaya alikuwa amemtungia wimbo wa Krismasi ambao ubeti wake wa tatu ulikuwa na mstari mrefu kama barabara ya Dodoma. Mama aliuimba wote kwa pumzi moja. Watu walitoka Tengeru kuja kusikia pumzi hiyo. Ndiyo maana kikohozi kilipoanza, mwezi wa tano hivi, hakuna aliyekiita kikohozi tu. Kilikuwa kikavu, kinakuja jioni pamoja na baridi ya mifupani na homa, asubuhi kinapungua, jioni kinarudi. Walipima TB, hakuna. Malaria, hakuna. Mazoezi ya Krismasi yalikuwa bado mbali, lakini nilimsikia akijaribu ule mstari akiwa peke yake bandani kwa ng'ombe. Akafika katikati, pumzi ikamwishia, ng'ombe akamjibu. Akarudia. Ikamwishia pale pale. Alipotoka akanikuta mlangoni. "Umesikia?" "Sijasikia kitu, Mama." "Profesa, kufa kila mtu atakufa. Mimi naogopa kukaa kiti cha nyuma kanisani nikiwa hai."

Ukuta kati ya chumba changu na jiko ulikuwa wa mbao zenye nyufa, kwa hiyo elimu yangu nyingine ya mwaka ule niliipata nikiwa nimelala. Jioni moja Shangazi Ndeshi, dada yake Baba Anaeli, alikuja na maziwa na wasiwasi. "Kaka, TB hamna, malaria hamna. Sasa kuna nini?" "Kuna kikohozi," Baba Anaeli akajibu. "Usinifanyie utani. Huyo mkeo kuna mtu anauonea kijicho uyoga wake." "Mwenye kijicho angeuroga uyoga. Mbona unastawi?" Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni. "Labda," Shangazi akasema polepole, "ametaka kuuroga uyoga, akakosea." Kutoka chumba cha mbele Mama akapaza sauti iliyokwaruza: "Ndeshi, hata huku nakusikia! Mlete huyo mchawi asiyejua kulenga nimfundishe!" Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu mpaka jiko zima likanyamaza kumsubiri amalize.

Basi Anaeli, binti yao, akaja na gari akamchukua mama yake kwenda kwake Njiro. Kila asubuhi nilimpa kondakta mfuko wa uyoga, Anaeli akaupokea stendi, akampikia mtori. Siku hazikuwa nyingi homa ikakata. Kikohozi kikaisha. Anaeli akanipigia kwenye simu yangu ya tochi, betri imefungwa kwa raba, nikamsikia Mama nyuma yake akiimba huku anaosha vyombo. Jamani, nilijiona nimegundua dawa. Darasani nilitembea kama mkuu wa mkoa. Mama akarudi, akaanza kuimba tangu njia panda, akasalimia migomba, akaingia stoo moja kwa moja kukagua walinzi wake, akakaa humo mpaka jioni akivuna uyoga uliopanuka kupita kiasi kwa kumsubiri. Usiku huo huo meno yakagongana kwa baridi.

Tuliketi jikoni kujadili, na nakuhakikishia hakuna bunge lililowahi kufikiri kwa bidii kama ile. Mambo yalikuwa wazi mbele yetu: Njiro alikula uyoga, akapona, huku anakula uyoga, anaumwa. Tofauti iko wapi? "Joto," akasema Anaeli, aliyekuwa amepanda kutoka Njiro. Kweli, ulikuwa mwezi wa saba, ukungu umeshuka kutoka mlimani, mbuzi wanatamani masweta. "Kule kwangu kuna joto, huku mnalala kwenye friji." Baba Anaeli akauliza ni chumba gani cha boma hili kina joto. Sote tukageuka kuelekea dirishani. Stoo. Kule tuliweka masufuria ya maji ya moto asubuhi na jioni ili uyoga usigome kuchipua, tukaziba kila ufa kwa magunia. Mama ndiye aliyemaliza mjadala. "Nipelekeni kwa uyoga wangu. Kama hao walinzi wananifaa wakipita tumboni, wakinizunguka je?" Ilikuwa na mantiki! Mpaka leo nikiirudia naona ina mantiki. Mwalimu Kimaro aliposikia alijikuna kidevu, akasema hajasoma mahali popote kwamba ni vibaya. Baba Anaeli na Aminieli wa darasani kwetu wakabeba kitanda kukivusha uani, godoro likafuata, kisha Biblia, kisha Mama mwenyewe amejifunga blanketi la Kimasai kama malkia anayehamia ikulu. Tukamlaza katikati ya mifuko inayoning'inia. Nilipompelekea uji asubuhi nyusi zake zilikuwa nyeupe. "Nimelala vizuri," akasema, na hakuwa amelala.

Sikuelewa kilichofuata na sitajifanya nilielewa. Kila tulipomwona amezidiwa tuliongeza maji ya moto na uyoga kwenye mtori. Kila tulipoongeza, alizidiwa. Shangazi Ndeshi alikuja kusali akasimama mlangoni, akapiga chafya kumi na mbili, mia ukipenda, akasema humu hamna hewa. Tukaona ni yeye na uchawi wake. Asubuhi moja nikamkuta Mama ameketi, mikono kwenye magoti, anavuta hewa kwa mabega, midomo imebadilika rangi. Alitaka kuniita Profesa. Jina halikutoka. Nilikimbia uani nikipiga kelele ambazo nina hakika zilisikika Kenya.

Jirani akatoa pikapu. Hospitalini daktari alikuwa mwanamke kijana, alimwamkia Mama shikamoo kabla ya kumgusa, akamwekea oksijeni, akasikiliza mgongo wake kwa muda mrefu, kisha akatugeukia sisi. "Mama anafanya kazi gani?" "Anaimba," Baba Anaeli akasema. "Kazi nyingine?" "Uyoga." "Na anaumwa zaidi akiwa wapi?" "Nyumbani. Njiro alipona." Daktari akaweka kalamu chini. "Analala wapi?" Hapo tukaanza kutazamana viatu. Aminieli, ambaye hakuwa na kikohozi, akakohoa. Hatimaye Baba Anaeli akasema, "Kwa uyoga." "Chumba chake kiko jirani na uyoga?" "Hapana, daktari. Kitanda ndicho kiko kwa uyoga." Yule binti hakucheka. Nitamheshimu kwa hilo mpaka kaburini.

Akatueleza polepole. Ule unga ni mbegu za uyoga, vumbi laini kuliko unga wa ngano, linafika chini kabisa ya mapafu. Mwili ukizoea kulipokea kila siku unafika mahali unalichukia. Askari wanaamka na kupigana humo humo ndani, na kwenye vita hiyo kinachoumia ni mapafu. Ndiyo maana Njiro alipona: alikuwa mbali na vumbi. Uyoga wa mtori haukumponya wala haukumuumiza, ulimshibisha. Hapo nikashindwa kujizuia. "Daktari, hao askari wanaamshwa na glukani?" Akanitazama kwa mshangao. "Nayo imo. Iko kwenye ukuta wa hilo vumbi, ni mojawapo ya vitu vinavyowasha mapafu, pamoja na vingine." "Lakini glukani ni nzuri." "Kwenye chakula, haina neno. Watu wanaichunguza, wengine wanaona inasaidia kidogo." "Kwa hiyo ni nzuri." "Sijasema ni dawa." "Basi ni mbaya." "Sijasema hivyo pia." "Sasa daktari, ukuta ni ule ule, askari ni wale wale…" "Dada yangu," akasema kwa upole, "kaa chini." Nikakaa. Nikamkumbuka yule mzee wa darasani na uso wake uliobaki umesimama.

Mama alirudi nyumbani na vidonge, na amri moja: asitie mguu tena stoo. Mapafu yangepata nafuu, daktari alisema, ila hakuahidi kwamba yatarudi yote. Tulidhani atafunga mradi. Siku ya kwanza ya nguvu zake alichukua kigoda, akakiweka uani mbali na mlango, upepo ukimtokea nyuma, akaanza kutuongoza kwa sauti kama nahodha. "Profesa, funga khanga puani! Vuna huo wa kona! Usisubiri ufunguke, uchume ukingo ukiwa bado umejikunja!" Tukawa tunavuna mdogo, kabla haujamwaga unga, na tunanyunyiza maji kabla ya kufagia. Sokoni wateja walitusuta wiki nzima. "Mama Anaeli, leo umetuletea uyoga au vifungo vya shati?" "Ni mchanga, ni mtamu," nikawajibu, "ule mwingine mlikuwa mnakula bibi zake." Wakazoea. Kitanda kilirudi ndani. Na kule bandani kwa ng'ombe, jioni, nilisikia mstari ukijaribiwa, ukikatika, ukijaribiwa.

Krismasi kanisa lilijaa mpaka madirishani. Ubeti wa tatu ulipofika nilishika ukingo wa benchi. Mama akaingia kwenye ule mstari kama zamani, sauti imesimama, akafika katikati, na pumzi ikaisha. Aliacha. Mwalimu wa kwaya mkono wake ukabaki hewani. Sauti ya tatu na ya nne, wanaume wazima, wakafunga midomo. Hakuna aliyemwokoa kwa kuendelea bila yeye. Kanisa zima lilisikia akivuta hewa, kwa shida, kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisimani, kisha akaendelea na neno lililofuata, na kwaya ikaingia naye. Aliporudi kuketi hakunitazama. Nje, watu wakipeana mikono, aliniambia, "Wamenisubiri." Alisema hivyo tu, akiwa amekunja uso kama aliyepewa kitu asichojua kama ni zawadi au rambirambi. Aliimba kiti cha mbele miaka mingi baada ya hapo, na kila Krismasi wakamsubiri.

Basi juzi, kaburini kati ya migomba, kwaya ikauimba wimbo ule. Ni vijana watupu sasa, wengi hawakuwa wamezaliwa mwaka tuliobeba kitanda, noti zao ziko kwenye simu. Binti mwembamba ndiye aliyeanzisha. Ubeti wa tatu, mstari mrefu, pumzi yake changa ikimtosha kufika Dodoma na kurudi. Akafika katikati, akaacha. Wote wakaacha. Migomba ikasikika. Halafu wakavuta hewa kwa pamoja, wakaendelea. Nilimfuata baadaye alipokuwa akinawa mikono. "Mwanangu, mbona mnasimama pale?" "Shikamoo, Mama. Pale?" Akashangaa kwamba kuna mtu anauliza. "Ndivyo ulivyo. Wimbo unapumua pale."

Aminieli alikuwa amekwisha kunifikia na kichupa chake. "Haya, Profesa. Umeahidi. Nimeze au nisimeze?" Nikafungua mdomo, mimi mwenye maneno ya Arusha hadi Moshi, nikafika katikati, nikaacha. Na yeye, Mungu ambariki, akanisubiri.